Majitu ya Chuma kwenye Mkeka wa Bibi

Juzi mtoto wa dada yangu alinionyesha mchezo ndani ya simu yake. Majitu ya chuma kutoka katuni mbalimbali za Kijapani, kila moja na hadithi yake, yamekusanywa uwanja mmoja wenye miraba. Unasogeza jitu lako, unangoja adui asogeze lake, kisha zamu inakurudia. Akaanza kunifundisha: "Khala, utamu wake ni kuwa huna haja ya haraka. Unafikiri kwanza." Nikamwangalia. Nikamwambia, wee mwana, mchezo huu nimeucheza Malindi mama yako hajaota meno, tena hatukuwa na simu, tulikuwa na mkeka. Akacheka. Basi nimeona niandike, maana mimi si mtu wa kubishana na mtoto mara mbili.

Ilikuwa miaka ya themanini, nami nina umri wa miaka kumi na miwili. Baba alikuwa dobi katika hoteli moja ya Wataliani. Kabla ya kutia nguo majini, dobi sharti apekue mifuko. Pesa, funguo, hereni, vyote baba alivirudisha mapokezi, na kwa hilo alijulikana mji mzima. Lakini mifuko ya watoto wa Kitaliani ilijaa vitu ambavyo hakuna aliyevidai: mchanga, makaratasi ya peremende, na vipicha vya kubandika vya majitu ya chuma. Lenye pembe, lenye mbawa, lenye kifua chekundu, lenye shoka. Baba alivileta nyumbani vikinuka sabuni, akavitia mkononi mwetu mimi na kaka yangu, akaenda kuoga.

Upande wa pili kulikuwa na dada yake mama, aliyeolewa Jedda. Yeye alituletea kanda za video za katuni hizo hizo za majitu, zikisema Kiarabu. Tulizitazama kwa jirani aliyekuwa na video, siku ya Ijumaa baada ya swala, watoto ishirini chini, mikono magotini. Kiarabu chetu kilikuwa cha chuo cha Kurani: tulijua kusoma, hatukujua kufahamu. Jitu likipaza sauti kabla ya kupiga, sisi tuliamini linasoma dua, na wengine walisema amina.

Basi ugomvi ndio uliozaa mchezo. Kaka yangu, aliyenizidi miaka miwili, alisema majitu ya Jedda ndiyo yenye nguvu. Mimi nikasema ya Taliani. Tukabishana wiki nzima, mpaka bibi, mama yake baba, akatuambia kutoka pale alipokaa akisuka ukili: "Kama mna akili, yapiganisheni. Na kama hamna, nyamazeni."

Kaka akayabandika majitu, ya Taliani yale ya vipicha na ya Jedda aliyoyakata kwenye majalada ya kanda, juu ya vipande vya maboksi ya sabuni kwa uji wa ngano, akayapa vitako ili yasimame. Uwanja ulikuwa mkeka wa bibi uliokuwa barazani. Bibi alikuwa fundi wa mikeka, na nasema hivyo nikiwa na haki ya kusema, maana nimelelewa juu ya mikeka yake. Mama mmoja wa Kakuyuni alikuwa akimletea ukindu, yeye akautia rangi mwenyewe. Mkeka ule alikuwa ameusuka kwa miraba miekundu na myeusi, imenyooka kana kwamba imepigwa rula. Tulipoyapanga majitu juu yake bibi akaja, akainama, akayatazama moja moja. Nikadhani atayasifu.

"Lahaula! Haya masanamu yana macho."

"Ni picha tu, bibi."

"Mkeka wangu huswaliwa. Kitu chenye macho hakikai juu yake. Yafuteni nyuso au mkacheze njiani na mbuzi."

Kaka alitaka kulia. Mimi nikachukua wino, nikazipaka nyuso zote nyeusi, moja baada ya moja, kwa hasira, na nilipomaliza nikaona Wallahi yamekuwa makali zaidi kuliko mwanzo. Jitu lisilo na uso hujui limekutazama wewe au limemtazama mwenzio.

Sheria nilizitunga mimi. Naliandika hili wazi kwa sababu kaka yangu mpaka leo, na mvi zake, husema tulizitunga sote. Hapana. Mimi. Kila upande una majitu sita. Zamu yako unasogeza moja tu. Kila jitu lina kazi yake: hili linaruka, lile haliwezi kusukumwa, hili linapiga kutoka mbali. Nyuma kabisa, kila mmoja ana kifuniko cha soda tulichokiita ngome. Atakayefika kwenye ngome ya mwenziwe ameshinda. Na majitu yanachanganywa: ya Jedda na ya Taliani yanaweza kuwa jeshi moja. Hilo ndilo lililotutia wazimu. Kwenye kanda, kila jitu lilikuwa peke yake na hadithi yake na maadui zake. Kwenye vipicha hali kadhalika. Kwetu yalikutana. La shoka lililinda la mbawa ambalo halijapata kuliona duniani. Tuliwaza usiku na mchana ni nani akae na nani, kama mama mwenye harusi anavyowaza nani amweke pamoja na nani kwenye sinia.

Kulikuwa na majitu mawili yanayofanana sana, moja la Jedda na moja la Taliani, yenye pembe mbili kila moja. Tulikubaliana ni mapacha waliopoteana utotoni, mmoja akalelewa Uarabuni na mwingine Ulaya. Tukawapa kazi tofauti. Pacha la Jedda lilipiga mbele moja kwa moja. Pacha la Taliani lilikwenda mshazari, kona kwa kona, hata miraba mitatu kwa mpigo, mradi njia iwe wazi. Kwa kuwa nyuso zao nilikwisha zipaka wino, bibi alizungusha uzi kwenye pembe zao: mweusi kwa la Jedda, mwekundu kwa la Taliani.

Baraza letu likajaa. Walikuja wavulana wa mtaa mzima, mpaka mmoja aliyekuja likizo kwa shangazi yake kutoka Takaungu akakataa kurudi kwao. Na mimi, msichana, ndiye niliyekuwa nikishinda.

Nieleze kwa nini nilishinda, maana wengine walidhani ni bahati. Mtoto wa kike nyumbani kwetu hakuwa na robo saa yake mwenyewe. "Wee! Njoo uchambue mchele." "Wee! Maji ya udhu ya baba yako." "Wee! Kapeleke sahani kwa jirani, usirudi na sahani tupu." Mpira haukungojei. Ukiitwa, ukirudi, mpira umeisha na wewe hukuucheza. Hata kujificha, ukiitwa umeonekana. Lakini mchezo wa zamu unakaa palepale. Nilisogeza jitu langu, nikaenda kuchambua mchele, na macho yakiwa kwenye mchele akili ilikuwa kwenye mkeka. Naona akienda hapa nitakwenda pale, akija pale nitamfungia huku. Nikirudi, kila kitu kiko nilipokiacha, nami nimekwisha piga hesabu. Wale wavulana waliobaki barazani walikuwa wamefanya nini? Wamekula ubuyu na kutukanana. Kazi waliyodhani inanirudisha nyuma ndiyo iliyonipa kichwa.

Kisha, katika likizo ya mwaka uliofuata, akaja mtoto wa khala kutoka Jedda.

Alikuwa wa miaka kumi na minne, kanzu yake nyeupe haina hata vumbi, na saa mkononi. Alikuwa na adabu kwa wakubwa. "Shikamoo, bibi," na kichwa kinainama. Kwetu sisi watoto alikuwa sultani. Akafungua sanduku lake, akatoa majitu matatu ya chuma, ya chuma kweli, mazito, yenye mikono inayofyatuka ngumi. Loo! Mtaa mzima ulihamia kwake. Mimi mwenyewe niliyashika, sitadanganya, nikafyatua ngumi mara mbili.

Akautazama mkeka wetu. Akaokota majitu mawili ya pembe, akayaweka pamoja, akacheka mpaka akajifuta macho.

"Nyinyi washamba! Hili na hili ni moja!"

"Ni mapacha," nikasema.

"Mapacha gani? Ni jitu moja, katuni moja. Wataliani wanalionyesha kwao na Waarabu kwao. Mmekuwa mkilipiganisha na nafsi yake!"

Watu wakacheka. Waliokuwa wakiniomba niwafundishe mwezi uliopita, wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema tu, "Kwenu ni moja. Kwetu ni mawili," lakini sauti yangu haikuwa na nguvu, na wiki nzima kila nilipopita alisema, "Habari za mapacha?"

Bibi peke yake ndiye aliyempunguza. Alipotaka kuweka majitu yake ya chuma mkekani, bibi alimwambia maneno yale yale: macho. Akajaribu kueleza kuwa yametoka katika nchi takatifu. Bibi akasema, "Hata yangetoka mlango wa Kaaba, yana macho." Basi akayafunga nyuso kwa plasta, yakawa kama majeruhi wametoka hospitali. Nilicheka peke yangu jikoni.

Lakini siku ya tatu alicheza nami, nikaitwa katikati mara nne, akashindwa kuvumilia. Akasimama mbele ya wote akasema mchezo huu una kasoro moja: watu wanangojana mno. Tangu leo kuwe na sheria. Zamu yako ikifika, tunahesabu mpaka ishirini. Kama hupo mkekani, zamu imepita. "Asiyekuwepo na lake halipo," akasema, na wavulana wakaitikia kana kwamba ni aya. Akaongeza kuwa akiondoka atayaacha majitu yake ya chuma hapa barazani, yawe ya wote, ikiwa watacheza kwa sheria hiyo.

Nilielewa mara moja. Hesabu ya ishirini hainitoshi hata kufika jikoni. Hakusema wasichana wasicheze. Hakuwa na haja ya kusema. Mchezo nilioutunga mimi, kwa vipicha alivyovileta baba yangu, juu ya mkeka wa bibi yangu, nitautazama kupitia dirishani nikiwa na ungo mkononi. Nikamtazama kaka yangu. Kaka yangu alikuwa ameshika lile jitu la chuma, akilifyatua ngumi na kuirudisha, hakuinua macho. Hilo liliniuma kuliko kicheko chote.

"Cheza na mimi," nikamwambia mgeni. "Mchezo mmoja, kwa sheria yangu. Nikishinda, sheria ya kungojana inabaki na usiitaje tena. Ukishinda, hesabuni mpaka ishirini, nami sitakaa mkekani humu maisha."

"Alhamisi," akasema upesi.

Alhamisi ilikuwa hitima ya marehemu babu, kisomo na chakula. Alijua. Nyumba itajaa wanawake, masufuria, nazi, vitunguu, nami nitaitwa mara mia. Akaongeza sharti: adhana ya adhuhuri ikilia, aliye na zamu na hajacheza, ameshindwa. Ningekuwa na busara ningekataa. Lakini mimi na busara tulikuwa bado hatujajuana. Nikasema, "Hata Alhamisi mbili."

Tulianza asubuhi baada ya chai. Yeye alitumia majitu yake matatu ya chuma na matatu ya maboksi. Yangu sita yote yalikuwa ya maboksi, mapacha wakiwemo. Alicheza vizuri, nitampa haki yake. Alipanga majitu yake mazito kama ukuta na kunisogelea polepole. Mimi niliitwa kumenya vitunguu, nikarudi na macho yanatoka machozi, akasema, "Ushaanza kulia?" Nikasogeza, nikaitwa kuosha mchele. Nikarudi, nikasogeza, nikaitwa kuazima sufuria. Kila nikirudi alikuwa akigonga saa yake kwa ukucha na kusema, "Yalla, yalla." Saa tano nilikuwa nimepoteza majitu matatu. Wavulana walikwisha kuanza kukaa upande wake.

Lilibaki moja langu karibu na ngome yake, lile pacha lenye uzi mwekundu. Naye alikuwa ameliwekea mbele jitu lake zito kuliko yote, la chuma, uso umefungwa plasta. Njia haipo. Zamu ilikuwa yangu, nikatazama, nikatazama, sikuona kitu. Kutoka ndani mama akaita, "Wee! Nazi!"

Nikaingia. Nazi nne, mbuzi ya kukunia, bakuli. Nikakaa nikaanza. Nilikuwa na hasira hata nikajikwaruza kidole. Nikajiambia, basi, nimekwisha, nitakuwa wa nazi mpaka nife. Nikakuna ya kwanza nikiyaona yale majitu kichwani: lake liko mbele ya langu, amelifungia. Amelifungia mbele. Nikakuna ya pili. Kwa nini amelifungia mbele? Langu halipigi mbele. La Jedda ndilo lipigalo mbele. Hili ni la Taliani.

Mkono ukasimama.

Alikuwa ameambiwa siku ya kwanza kazi ya kila jitu, na uzi ule ulikuwa wazi mbele ya macho yake. Lakini kwake yeye yalikuwa jitu moja, na jitu moja haliwezi kuwa na kazi mbili. Alilinda dhidi ya lile analolijua. Na mimi, Mungu anisamehe, wiki nzima ya kuchekwa ilikuwa imeniingia, hata mimi nikaanza kuliona kama moja. Nilikuwa nimelisahau pacha langu mwenyewe kwa sababu ya aibu. Mshazari wa kushoto ulikuwa mtupu. Miraba mitatu. Mraba wa tatu ndio ngome.

Niliziacha nazi mbili hazijakunwa nikatoka mbio, mikono inachuruzika maji ya nazi. Nikakaa mkekani.

"Karibu adhana," akasema akitazama saa.

Nilikuwa ndiyo nimenyoosha mkono pale sauti ya mama ilipotoka ndani, si ya kuita tena, ya kuja. Mama alitoka mpaka barazani, leso kiunoni, jasho usoni, na mwiko mkononi. Wavulana wakajikunyata. Mama yangu hakuwa mtu wa kutokea barazani mbele ya wanaume, hata wakiwa wadogo, na siku ya hitima ndiyo kabisa.

"Nazi mbili ziko chini zinaliwa na sisimizi. Nimekuita mara tatu."

Nikainamia mkeka. Nilikuwa naogopa kuwa nikifungua mdomo nitalia, na kulia mbele ya yule mvulana nisingejisamehe.

Mama akautazama mkeka. Sijui aliona nini. Alikuwa amepita juu ya mchezo ule mwaka mzima na masinia kichwani, sikupata kumwona akisimama. Sasa alisimama. Akayatazama majitu manne ya mgeni yamenizunguka, akatazama langu.

"Zamu ya nani?" akauliza.

"Yangu."

"Basi cheza."

Nikalishika pacha kwa uzi wake mwekundu, nikalipeleka mshazari: moja, mbili, tatu. Nikaokota kifuniko cha soda nikakiweka mbele yake.

Mgeni akasema, "Halina njia hiyo! Hili linapiga mbele!" Kaka yangu, aliyekuwa hajasema neno siku tatu, akaweka chini jitu la chuma akasema, "La uzi mweusi ndilo lipigalo mbele. Hilo ni pacha lake. Ulielezwa." Mtoto wa khala akaliokota, akaligeuza, akauona uzi, na masikio yakamwiva. Lakini hakuwa mtu mbaya. Asiyekubali kushindwa si mshindani, naye alikubali, kwa tabu, lakini alikubali.

"Tena," akasema akianza kuyapanga. "Mara moja tena. Sasa hivi, kabla ya adhana."

Na mimi, kwa ile furaha, nilikwisha kunyoosha mkono nipange yangu. Mama akanishika bega.

"Ana nazi mbili," akawaambia. Hakupaza sauti. "Atakwenda kukuna nazi zake, kisha atarudi. Nyinyi mtamngoja."

Nikaenda nikakuna nazi zangu. Sikuharakisha. Adhana ikalia, nikawasikia wanavaa viatu kwenda msikitini, nikawasikia wanarudi. Nilipomaliza nikanawa mikono, nikajifuta, nikatoka. Walikuwa wamekaa wote barazani, majitu yamepangwa pande zote mbili, na upande wangu wa mkeka hapana aliyeukalia.